Bolti001 na Wenzake

Mafundi wa Songea wana akili ya majina. Bolti wanaiita kwa spana yake: "Nipe ya 13", "Nipe ya 17", na kijana wa duka la vipuri anaitoa bila kuuliza mara mbili. Kompyuta haina akili hiyo, na ugomvi wetu unaanzia hapo.

Karakana yetu iko Bombambili, tunatengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Ruvuma ikivuna imevuna kweli, na mteja wa Namtumbo au Madaba anataka mashine yake kabla dumuzi hawajajikaribisha ghalani. Habari za mchoro hana. Mchoro ni mzigo wangu, na tunachorea programu ya FreeCAD kwa sababu haiuzwi. Hiyo ndiyo bei pekee ambayo mzee mwenye karakana hajawahi kuomba ipunguzwe. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, lilikuja na sehemu yake yenyewe ya kuunganishia vipuri, tukashukuru. Balaa lililobaki ni ule mti wa pembeni mwa skrini.

Mti huo ndio orodha ya kila kilichomo kwenye mashine: fremu, hopa, drumu, shafti, puli, kila kimoja na vilivyo chini yake. Usipoupa majina, unajipa wenyewe: Body, Body001, Body002, unaendelea hivyo hadi macho yanauma. Sasa Body031 ni kitu gani? Unakichagua, unagonga kile kitufe kirefu cha chini, kitu kinapotea kwenye mchoro, kisha unachungulia kipi kimepungua. Kumbe ni mguu wa nyuma.

Nikaketi nikaupanga upya. Puli ikaitwa puli, hopa ikaitwa hopa. Hata hivyo jina unalobadilisha ni la juu tu. Ndani kabisa programu inaendelea na Body031 yake, kama mtaani unavyoitwa Baba Anna huku kitambulisho kikisema vingine. Hilo nililimeza. Bolti ndizo zilizonishinda, maana programu kwa kawaida yake haikubali vitu viwili vyenye jina moja kwenye faili. Ukiita ya kwanza Bolti, inayofuata inageuzwa Bolti001. Fundi wa kuchomelea akaja, akausoma mti mzima kwa utulivu, akaniuliza, "Injinia, hiyo spana namba moja inauzwa duka gani?"

Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuruhusu majina yafanane. Nikaruhusu. Sasa nina msururu wa vitu vinavyoitwa Bolti, na hakuna ajuaye ipi inafunga puli na ipi inafunga kifuniko. Nikahamia kwenye safu ya maelezo iliyo pembeni ya majina, nikaandika vipimo: engo ya 40 kwa 40, pleti ya milimita 3. Fundi akafurahi. Kijana wa mafunzo kwa vitendo akafuta, akaweka historia: "Fremu mpya", "Fremu mpya ya mwisho", "Fremu ya mwisho kabisa". Hiyo ya mwisho kabisa ndiyo yenye kosa.

Jamaa yangu wa Dar es Salaam anachorea programu ya SolidWorks. Kwake kipuri huwekewa alama kando ya jina: (f) ikiwa kimekazwa mahali pake, alama ya kutoa ikiwa bado kinaweza kusogea, na mwenyewe unachagua mti uonyeshe jina, maelezo au vyote. Nikamwonea wivu mpaka aliponiambia kwamba ofisini kwao kila mtu amechagua chake, na akikaa kwenye kompyuta ya mwenzake anapotea kama mgeni.

Kumbe ugonjwa ni mmoja. Kila mtu anataka mti useme lugha ya kazi yake, halafu mchoraji ndiye mkalimani asiyelipwa. Mzee naye amekuja na lake: maelezo yote yafutwe, ziwekwe bei. Drumu kiasi fulani, shafti kiasi fulani, ili mteja akibisha aonyeshwe. Nikamweleza kwamba chuma kikipanda itabidi mti wote uandikwe upya. Akasema, "Si ndiyo kazi yako?"

Bei nimeziandika zote, mzee. Kipuri pekee ambacho hakimo ni mchoraji, na bei yake haina haja ya kurekebishwa: haijawahi kupanda.