Bastola ya Mheshimiwa

Kuna mheshimiwa mmoja wa Kisangani anatafuta bastola ndogo, ya kukaa chini ya koti bila kuharibu mkunjo wa pasi. Kinachomnyima usingizi ni namna ya kuchomoa magazini. Makarov ina kibanio chini ya kitako: mkono wa pili sharti usaidie, ila magazini haidondoki ovyo. Browning ya 1935, ya Wabelgiji, ina kitufe karibu na traiga. Kidole gumba chatosha. Lakini eti kitufe chaweza kubonyezwa na kitambi akikalia toleka, baiskeli ya kubeba abiria!

Hoja nzito hiyo. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu humu siku sita. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mitaa yetu, na waliokuwa chini ya vitanda hawakupata nafasi ya kujadili vitufe. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, uko hapa hapa mjini. Ukishachagua, Mheshimiwa, pitia pale uwasalimie wanaosubiri.