Sifa za Asili Tofauti

Mlima Rungwe una wa kuusifu, chai ya Katumba ina wa kuisifu, na Daraja la Mungu pale mto Kiwira halikosi mtu wa kulipiga picha. Mimi leo nasimama kumsifu asiyesifiwa na yeyote: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Aliyepita shule ya msingi anamfahamu. Ndiye aliyekukuta darasani ukiwa na akili zako timamu, akakuuliza nusu jumlisha theluthi, ukamjibu mbili ya tano bila kusita, na tangu siku hiyo ukagundua kwamba kipaji chako kiko kwenye kuimba.

Nianze na nasaba, maana huyu si mtoto wa juzi. Yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmose alinakili hesabu za sehemu kwenye mafunjo. Mskoti Alexander Henry Rhind aliyanunua Luxor mwaka 1858, na leo yako kwenye jumba la makumbusho London. Wamisri wale, ukiondoa theluthi mbili, hawakutaka kiasi chochote juu ya mstari isipokuwa moja. Mbili ya tano kwao iliandikwa theluthi na moja ya kumi na tano. Kwa hiyo jibu langu la Darasa la Nne lilishaandikwa miaka elfu tatu na mia tano kabla sijalikosea. Si kila kosa lina ukoo wa namna hiyo.

Kwa upande wa pili ana undugu na mirathi. Wanazuoni wa Kiislamu nao huita asili ile namba inayoyabeba mafungu yote ya warithi. Akifa mwanamke akaacha mume na dada wawili, mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Jumlisha: saba ya sita. Marehemu ameacha mali nzima, warithi wanadai nzima na kipande. Inasimuliwa kwamba jambo hilo lilifika kwa Khalifa Umar, na njia iliyoshika ni kuipandisha asili kutoka sita hadi saba: mume mafungu matatu, dada manne. Kila mmoja alipunguziwa kidogo, na asili ndiyo iliyoamua nani apunguziwe kiasi gani. Nani mwingine ubaoni ana madaraka hayo?

Sasa fadhila zake. Kwanza, hufundisha ibada. Tukuyu mvua hainyeshi, inahamia, na ikipiga bati la darasa sauti ya mwalimu huzama. Hakuna watoto waliowahi kuiombea mvua ije kwa moyo safi kama sisi siku ya sehemu. Pili, hutunza unyenyekevu. Asili sawa ni rafiki wa kila mtu: robo na robo, umemaliza, unapiga makofi. Huyu hakubali kuguswa mpaka umtafutie KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, na huko njiani wengi waliokuwa wa kwanza darasani walikutana na waliokuwa wa mwisho, wakasalimiana.

Tatu, hutufungulia macho sokoni. Tazama gunia la viazi la lumbesa, limefungwa kilemba mpaka shingo haionekani. Mkulima aliyeacha shule mapema anaambiwa hilo ni gunia moja. Sisi tulioteswa tunajua ni sehemu guni: kiasi kimezidi asili. Wakala wa Vipimo wanalikataza kwa sheria, lakini aliyetangulia kulikataza ni mwalimu wa Hisabati, kwa chaki.

Lakini sifa yake kubwa nilifundishwa jikoni kwa bibi yangu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja. Nilirudi na daftari lenye mkasi mwekundu, nikamweleza kwamba nusu na theluthi ni mbili ya tano na mwalimu ana chuki. Bibi hakubishana. Alinituma nilete mkungu wa ndizi wenye chana sita, akautandika kwenye jani.

“Nusu mpelekee shangazi yako.” Nikakata chana tatu.

“Theluthi ya mkungu iende kanisani kwa sadaka ya mavuno.” Nikahesabu, nikakata mbili.

“Umetoa mbili ya tano?”

“Ndiyo, bibi.”

“Basi imebaki tatu ya tano. Zaidi ya nusu. Nionyeshe.”

Nilitazama jani. Nusu ya mkungu ilikuwa tayari iko mlangoni ikimsubiri shangazi, na mbele yangu palikuwa na chana moja. Kwa hesabu yangu, kadiri tunavyogawa ndivyo ndizi zinavyozidi nyumbani. Ingekuwa kweli, Rungwe isingekuwa na haja ya kulima.

Baadaye ndipo nikaona alichokifanya. Hakuchukua mkungu wa chana tano, maana nusu yake ingekata chana katikati, wala wa nane, maana theluthi ingemsumbua. Alichagua sita, namba ndogo kuliko zote inayokubali nusu na theluthi bila kisu kugusa kidole cha ndizi. Mwalimu alitumia vipindi viwili kuitafuta namba hiyo. Bibi aliitafuta kwa macho, mgombani.

Ndiyo maana namsifu huyu msumbufu. Wengine huhesabu kwanza kisha wakagombania ukubwa wa vipande; yeye hakuruhusu uhesabu mpaka vipande vilingane. Tukavilinganisha, tukapata tano ya sita, shangazi akala, kanisa likapiga mnada.

Kasoro yake ninayoijua ni moja. Anaamini kila moja ya sita ni sawa na mwenzake. Chana iliyobaki kwetu ilikuwa ile ya mwisho kabisa, ya chini, yenye vidole vifupi kama vya mtoto. Nilipolalamika, bibi alisema hesabu imetimia, akabandika sufuria.