Rula ya Mjomba

Mchora ramani alinikabidhi karatasi saba, nami nikaipenda moja tu. Ilikuwa ile ya mwonekano wa mbele: nguzo mbili za kibaraza, madirisha mapana, paa la migongo minne, na pembeni mnazi mmoja uliochorwa kwa madaha. Nikaibandika ukutani kwenye chumba nilichopanga Kibaoni, hapa Ifakara, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kabla hajapewa maji ya kunywa.

Zile sita nyingine nilizichukulia kama maelezo ya dawa, yale yanayokunjwa ndani ya boksi. Moja ilionyesha kiwanja kama kunguru anavyokiona kutoka angani: mipaka, nyumba, shimo la choo na mshale wa kaskazini. Nyingine ilikuwa ya vyumba. Hiyo unaisoma kana kwamba nyumba imekatwa kiunoni na sehemu ya juu imefunuliwa kama kawa la chungu, ukabaki unachungulia kuta na milango. Kulikuwa na ya ubavuni, ya msingi, ya paa. Ya mwisho ilikuwa ya mkato, ambapo nyumba imepasuliwa kuanzia bati hadi kwenye udongo ili uone kimo cha kila kitu.

"Nyumba inapasuliwa kwani ni papai?" aliuliza Mjomba, akairudisha kwenye bahasha.

Mjomba ndiye fundi wangu. Ni kaka wa mama, na kwa maelezo yake mwenyewe nusu ya Lipangalala imetoka kwenye mwiko wake. Kumpa kazi ndugu kuna faida zake, ila kumgombeza hakupo.

Sasa kosa langu. Karatasi zile zilikuwa za A3, nami nikaona huruma zichafuliwe na udongo wa matofali. Nikaenda kuzitoa fotokopi. Binti wa dukani akasema mashine yake inatoa A4 tu, "lakini itaingia yote, kaka, usijali." Kweli iliingia yote. Nyumba nzima ilijibana ikaenea, na tarakimu za vipimo zikawa kama sisimizi waliokanyagwa. Nikampa Mjomba nakala ile, nikaondoka kwenda Mngeta kuvuna mpunga wa kununulia bati.

Tarakimu zilipomshinda, Mjomba aliazima rula ya mtoto wake wa darasa la nne. Pembeni ya ramani kumeandikwa moja kwa mia, na yeye hilo analijua vizuri: sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya kiwanja. Tatizo ni kwamba A3 ikiingizwa kwenye A4, kila mstari unabaki na asilimia 71 hivi ya urefu wake, na eneo linakuwa nusu. Maandishi ya moja kwa mia hayakusinyaa hata kidogo. Yalibaki palepale, yakidanganya kwa utulivu.

Niliporudi, boma limesimama. Kwa mbali lilipendeza, nikafikiri ni umbali. Nikasogea, likabaki vilevile. Chumba cha kulala cha mita 3.6 kilikuwa cha mita 2.55. Korido ya mita 1.2 imekuwa ya sentimita 85, ambapo watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume kama gari lililokosea njia. Mke wangu aliingia chumbani, akapima kwa hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Hakusema neno. Kitanda chetu ni cha futi sita kwa sita.

"Rula haidanganyi, mpwa wangu," alisema Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba," nikajibu. Sikuwa na jingine la kusema.

Ule mchoro wa papai nao ulisubiri masika ndipo uzungumze. Ndani yake sakafu ilipaswa kuwa sentimita 75 juu ya ardhi. Mjomba aliweka kozi mbili za tofali, akajaza kifusi, akamwaga jamvi. Mto Lumemo ulipofurika, maji yaliingia bila hodi, bata wa jirani wakafuata. Marehemu babu yangu, Mndamba asiyejua a wala be, alijua sakafu huinuliwa juu ya maji: alijenga dungu la kulindia mpunga juu ya miti mirefu.

Mkato huohuo ulionyesha wavu wa kuziba uwazi kati ya ukuta na paa, njia anayoipenda mbu wa malaria. Mjomba hakuuweka. Aibu iliyoje, kwa mkazi wa mji wenye Taasisi ya Afya Ifakara! Pale Kining'ina watafiti wamewajengea mbu vibanda ndani ya mahema makubwa ya nyavu ili wawachunguze. Mbu wa Kining'ina wanaishi kwa vipimo. Wa kwangu wanaishi na mimi.

Mjomba ana jambo moja analojivunia katika kazi ile. Siku ya kuhamia alinishika mkono, akanipeleka uani mbele, akaniambia nifumbe macho. Nilipoyafumbua, nikaona mche wa mnazi umepandwa, umezungushiwa miiba dhidi ya mbuzi. Ulikuwa katikati ya njia ya mlangoni.

"Kama kwenye picha yako," alisema.

Nikamwambia kwenye picha upo pembeni.

Akafikiri kidogo. "Pembeni ilikuwa hapa," akasema, "kabla nyumba haijapungua."