Barabara Mbovu kwa Gharama Kubwa

Kuna mahali ambapo wahandisi walikaa mezani wakapanga barabara iwe mbovu. Si kwamba mkandarasi alikula saruji, wala hakukuwa na mvua kubwa ya kusingiziwa. Ubovu huo ulichorwa, ukasimamiwa, ukakaguliwa na kupokelewa rasmi. Mahali penyewe ni Florida, Marekani, ndani ya bustani ya burudani iitwayo Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998. Magari ya wageni wanaokwenda kuona wanyama, katika safari iliyopewa jina la Kilimanjaro Safaris, hupita kwenye njia inayoonekana ya udongo, yenye mabonde na alama za matairi, utadhani masika yamemalizika juzi. Kumbe ni zege. Lilitiwa rangi ifanane na udongo wa pembeni, na kabla halijashika yakapitishwa matairi juu yake, likamwagiwa mawe, mchanga na vijiti, likaachwa likauke na mashimo yake. Sisi ambao barabara zetu huharibika zenyewe, bila msaada wa mtaalamu yeyote, hatuna budi kuvuta kiti na kulitafakari jambo hili.

Wapenzi wa Disney wana mchezo wao wa kutafuta vichwa vya Mickey vilivyofichwa: duara moja kubwa na mawili madogo juu yake, kwenye ukuta, kwenye zulia, kwenye ganda la mti. Vitabu vimeandikwa vya kuwaongoza. Mimi naona wanatafuta siri ndogo wakati kubwa wanaikanyaga. Siri kubwa ni kwamba bustani hizi zinaendesha kazi mbili zinazopingana, na mfanyakazi wa kawaida anasimama katikati akizitumikia zote mbili kwa mshahara mmoja. Ajali ya kweli hufichwa kwa kila njia, na ajali ya uongo hutengenezwa, hutunzwa na kuuzwa kwa tiketi.

Tuanze na ya uongo, maana ndiyo inayojitokeza. Ndani ya Animal Kingdom kuna mji wa kubuni uitwao Harambe. Joe Rohde, aliyeongoza ubunifu wa bustani hiyo, na wenzake walisafiri Afrika Mashariki kutafuta mfano, na Lamu ndiyo iliyowakaa zaidi. Kuna Dawa Bar, kuna kibanda cha Tamu Tamu, kuna duka la Mombasa Marketplace, na mji wenyewe umepewa hata historia: maandishi ya ukutani yanasema ulipata uhuru mwaka 1961, sawa na Tanganyika. Ila kazi ya kutazama kwa karibu ni kuta. Lipu imebanduka mahali, matofali yamechungulia, rangi imepauka, matangazo yamebandikwa juu ya matangazo mengine na kuchanika pembe. Kila ufa umewekwa na msanii. Sasa fikiria fundi wa matengenezo anayeingia zamu ya usiku akiwa na ndoo yake. Florida ina mvua na jua kali, kwa hiyo kuta zitapata nyufa zake za kweli. Fundi huyo lazima ajue upi ufa wa kampuni na upi ufa wa Mungu, azibe wa pili bila kuugusa wa kwanza. Lamu mambo ni mepesi zaidi: hewa ya chumvi ikila chokaa, mwenye nyumba anatafuta chokaa nyingine, au anatafuta sababu ya kusubiri hadi mwakani.

Ndani ya safari ni hivyohivyo. Vichuguu ni vya zege. Baadhi ya mibuyu haikuota bali ilijengwa. Simba anaonekana kama angeweza kumfikia swala kwa kuruka mara mbili, lakini katikati yao kuna handaki lililofichwa kwa majani na miinuko, mgeni asilione. Katika miaka ya mwanzo kulikuwa pia na daraja lililojifanya kuvunjika gari likipita, na majangili wa kuigiza waliokurupushwa siku nzima, kila gari na zamu yake. Jioni wanyama huitwa kurudi mabandani kwa sauti walizozoeshwa, kila jamii na sauti yake. Ukikusanya yote hayo, utaona kwamba hatari inayouzwa pale imepimwa vizuri kuliko usalama wetu barabarani.

Tugeukie ajali za kweli, zile zisizotakiwa kuonekana. Katika bustani jirani ya Magic Kingdom, iliyofunguliwa Oktoba 1, 1971, wafanyakazi hupita kwenye njia zilizo chini ya miguu ya wageni. Inasimuliwa kwamba Walt Disney aliwahi kumwona mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe wa kale akikatiza eneo la maisha ya kesho kule Disneyland, California, akachukia. Lakini Florida maji yako karibu sana na uso wa ardhi, na handaki la kuchimbwa lingegeuka kisima. Wakajenga njia hizo juu ya ardhi ya kawaida, wakazifunika kwa udongo uliotoka kwenye ziwa walilokuwa wakilichimba mbele ya bustani, kisha wakajenga mji juu yake. Mgeni anadhani yuko chini, kumbe yuko ghorofani. Humo ndani kuna mabomba ya teknolojia ya Kiswidi yanayofyonza taka kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa, kasi ambayo basi la mkoani likikamatwa nayo, dereva ana maelezo ya kutoa. Ganda la ndizi linaondoka jukwaani haraka kuliko mwigizaji.

Ajali ya mwili wa binadamu ndiyo ngumu zaidi kuificha. Kwa miaka mingi wanaume waliofanya kazi pale hawakuruhusiwa masharubu, hadi mwaka 2000, ingawa mwanzilishi mwenyewe alikuwa nayo na picha zake ziko kila mahali. Ndevu zilisubiri hadi 2012. Kichekesho kikubwa zaidi kilimalizwa mwaka 2001 kwenye meza ya majadiliano. Wale wanaovaa mavazi ya Mickey na wenzake walilazimika kuvaa pia nguo za ndani za kampuni, kwa sababu za kawaida hujikunja na kuharibu umbo la mhusika. Zamu ikiisha zilirudishwa dobi, na kesho yake mtu alipewa zilizokuwepo. Wafanyakazi wakalalamika kwamba hazifuliwi vizuri, na wengine wakasema wamepata chawa na upele. Chama chao cha wafanyakazi kikaingia, na makubaliano yakawa kwamba kila mtu apewe zake peke yake, azipeleke nyumbani azifue. Mtoto aliyemkumbatia panya mwenye tabasamu lisilobadilika hakuwa na sababu ya kujua kwamba ndani yake yumo mtu mzima anayejizuia kujikuna.

Atakayedai kwamba nimeokota vioja viwili vitatu na kuviita hoja, nampeleka kwenye mlima wa Expedition Everest, uliofunguliwa mwaka 2006 ndani ya Animal Kingdom hiyohiyo. Treni inapanda hadi inakuta reli zimeng'olewa na kupindwa, kazi ya dude la theluji liitwalo Yeti. Inasimama, abiria wanapiga mayowe, halafu inarudi kinyumenyume gizani. Reli ile iliyovunjika haijawahi kukosa kazi. Imevunjika ipasavyo kila siku. Aliyevunjika kweli ni Yeti mwenyewe. Sanamu hilo kubwa la mashine lilijengwa liwarukie abiria kwa mkono, na lilifanya hivyo kwa miezi tu, kisha likagoma. Dawa iliyopatikana ni kulimulika kwa taa za kumetameta ili lionekane kama linajongea, na mashabiki wakalibatiza Yeti wa disko. Mwaka 2013 Rohde aliwaahidi hadharani kwamba atalitengeneza. Alistaafu mwanzoni mwa 2021, na Yeti hajapata fundi wa kumrudishia mkono. Sijui ushahidi gani mwingine utahitajika: juu ya mlima mmoja, uharibifu wa uongo unatunzwa kama mboni ya jicho, na ule wa kweli umewekewa taa za ukumbi wa dansi.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatuhusu. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nyufa wapewe Waafrika? Barabara kuu ya kuingilia Magic Kingdom imejengwa kuukumbuka mji mdogo wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na pale rangi ni mpya daima. Farasi wa kuvuta behewa akidondosha kinyesi, mtu anafika na koleo kabla hakijapoa. Kumbukumbu yao imeoshwa, yetu imepakwa vumbi. Pingamizi hili lina uzito, na silipuuzi. Mtetezi atajibu kwamba hata Hollywood ya kuigiza, katika bustani hizihizi za Disney, imejengewa hoteli mbovu, ile Tower of Terror ya mwaka 1994, yenye buibui na vumbi la kununuliwa. Ni kweli, lakini hoteli ile imepewa kisa: ilipigwa na radi, ina mizimu. Harambe haikupewa mzimu hata mmoja wa kulaumiwa. Mji umechakaa tu, kana kwamba kuchakaa ndiyo kabila lake. Hata hivyo siwezi kuwakasirikia sana waliochora nyufa hizo, kwa sababu walitazama kuta za Lamu kwa makini kuliko kamati nyingi za ujenzi.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa twiga, na hili linanipa shida. Mnyama huyu hakusaini mkataba wala hasomi ratiba. Akiamua kusimama katikati ya barabara ya zege, gari linasimama, la nyuma yake linasimama, na msururu unaanza. Hiyo ni hitilafu ya kweli, iko wazi kwa kila mtu, na wageni ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Hoja yangu ingetaka afichwe. Nadhani anaachwa kwa sababu hakuna bomba la Kiswidi linalomtosha. Dereva amekwisha kusema maneno yote aliyokariri kuhusu shingo na ulimi, na sasa ana gari zima la watu na hana la kuwaambia. Wanatoa simu, wanapiga picha za foleni kwa furaha, isipokuwa yule mgeni wa Mombasa aliyeketi nyuma, ambaye ameangalia saa na kuuliza kama hakuna njia ya mkato.