Pampu ya kisasa

Mpwa wangu anayesomea kompyuta alikuja likizo, akaona tunavyowasha pampu ya maji, akatuhurumia.

"Mjomba, bado mnakwenda hadi uani kubonyeza swichi?"

Basi akaing'oa. Akaweka Raspberry Pi, kikompyuta cha kuenea kiganjani, akaunganisha rilei na waya wa pampu, akaandika mistari michache ya Python. Seva ikakaa inasubiri kwenye mlango namba 8000. Ukifungua simuni anwani inayoishia na "/washa", pampu inanguruma, "/zima", inanyamaza. Nyumba nzima tukagawiwa anwani. Swichi ya boya, ambayo fundi yeyote wa mtaani angetuwekea ikakata umeme yenyewe tangi likijaa, aliiona ya kizamani.

Haikuchukua muda, pampu ikaanza kuwaka usiku wa manane. Simtanki linafurika, jirani anagonga ukuta, uniti za LUKU zinakwisha tukiwa usingizini. Mama watoto akataka tuite shehe.

Kumbe jini ni simu yake mwenyewe. Alifungua ule ukurasa wa kuwasha, hakuufunga. Kila akirudi kwenye kivinjari kusoma udaku, simu inaupakia upya, na seva haiulizi: imeombwa kuwasha, inawasha. Na mama watoto udaku husoma saa sita usiku.

"Mjomba, nilitumia GET," mpwa akanieleza bila aibu. "GET ni ya kuomba kusoma tu. Jambo la kutenda linataka POST."

Kwa hiyo kanuni anaijua! Kaifundishwa darasani kwa ada ninayochangia, kaiacha hukohuko. Wala nywila hakuweka: yeyote tuliyemgawia waifai, hata mtoto wa jirani anayekuja kuangalia katuni, angeweza kutufurikia uani akiwa amekaa kwenye kochi letu.

Akarekebisha. Akaweka kitufe, nywila, na muda wa pampu kujizima. Akapanda basi, akarudi chuo.

Juzi umeme ulikatika, ukarudi. Kikompyuta kikaamka, programu yake haikuamka, maana hakuna aliyeiagiza ijiwashe. Tangi kavu, nami nimeshajipaka sabuni. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba! Hilo dogo tu. Una laptopu hapo karibu?"

"Nina ndoo."