Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Linus Torvalds

Kwako Mheshimiwa Linus Torvalds, mlezi mkuu wa kerneli ya Linux.

YAH: OMBI LA KUCHANGANYA NAMBA ZA CHIPU BILA KUZIHESABU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi kompyuta wa kawaida kabisa. Kibanda changu kiko Manzese, hatua chache kutoka daraja la waenda kwa miguu la Barabara ya Morogoro. Muda wako una thamani kuliko kibanda na vyote vilivyomo, kwa hiyo natanguliza samahani kwa kukurudisha kwenye jambo ulilokwisha kuliamua.

Sikuja kuomba RDRAND, amri ya chipu ya prosesa inayotoa namba nasibu za kutengenezea funguo za siri, iondolewe kwenye kerneli. Septemba 2013, nyaraka za Edward Snowden zilipoonyesha jinsi NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ilivyokuwa ikidhoofisha usimbaji fiche kwa makusudi, waungwana fulani walikuletea ombi hilo. Ukawajibu, kwa upole wako unaojulikana, kwamba hawajui wanachosema, wakasome kwanza faili la random.c. Nami nimelisoma, na ulisema kweli. Kerneli haizimezi namba za chipu nzima nzima. Inazichanganya na nyakati za diski, kibodi na vifaa vingine, ili chipu ikidanganya, vingine viokoe jahazi. Mzee Theodore Ts'o, aliyeanzisha /dev/random, chemchemi ya namba nasibu ya Linux, mwaka 1994, alisema wakati huohuo kwamba anafurahi aliwakatalia wahandisi wa Intel waliotaka itegemee RDRAND peke yake.

Shida yetu, mheshimiwa, ni hesabu. Toleo la 4.19 la mwaka 2018 lilileta swichi ya kuiamini prosesa. Ikiwashwa, namba za chipu zinahesabiwa kuwa nasibu tosha, na kerneli inajitangaza iko tayari kabla haijasikia lolote kutoka kwingine. Mwanzoni kila msambazaji wa Linux alijiamulia. Siku hizi imani ndiyo kawaida, na asiyetaka anapaswa kuandika random.trust_cpu=off kwenye mstari wa kuwashia. Kwa heshima zote, hapa Manzese ataandika nani?

Kompyuta zinazoletwa kwangu ni mtumba. Mwaka 2019 ninyi wenyewe mlilazimika kuificha RDRAND kwenye AMD za zamani, familia ya 15h na 16h, kwa sababu mashine ikiamka usingizini namba zake haziaminiki tena. Mwaka huohuo Ryzen 3000, mpya kabisa, zikaingia sokoni zikijibu kitu kilekile kila zinapoulizwa: biti zote moja. Dawa ilikuwa kusasisha BIOS. Sijawahi kuona mtu akisasisha BIOS ya mtumba kwa hiari yake.

Nawashukuru kwa ule ukaguzi mliouweka, ulioandika kwenye skrini kwamba matokeo ya RDRAND yananuka ajabu. Nilicheka mpaka mteja akauliza kulikoni. Lakini ukaguzi huo unamnasa mgonjwa, mwongo haumnasi. Chipu ya Intel hupitisha namba zake kwenye usimbaji wa AES kabla ya kuzitoa. Hata kama kuna anayeijua mbegu yake, kinachotoka kitaonekana nasibu tupu. Ni robota la mtumba lisilofunguliwa kamwe: lebo inasema gredi A, na wewe unalipa.

Wala si hofu ya wapelelezi tu. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikagua intaneti nzima wakakuta ruta na vifaa vidogo vimetengeneza funguo mapema mno, kabla ya kukusanya unasibu wa kutosha, hadi vifaa visivyojuana vikawa na ufunguo mmoja. Ruta za namna hiyo ndizo zinazofika kwetu, na mwenye duka anapitishia humo hesabu zake zote.

Zamani ungeweza kunijibu kwamba bila kuiamini chipu, kompyuta itakwama ikisubiri. Lakini wewe mwenyewe, kwenye toleo la 5.4, uliandika njia ya kuokota unasibu kwenye mtikisiko wa saa ya prosesa, na kungoja kukawa kama sekunde moja hivi. Kwa hiyo naomba, kama haitakusumbua: RDRAND iendelee kuchanganywa, isihesabiwe mpaka mwenye mashine aruhusu. Wenye maelfu ya seva wakilalamika, hao ndio wanaojua kuandika =on.

Usiponijibu nitaelewa. Ukinijibu kwa lugha ile ya 2013, nitaibandika kibandani, juu ya bei ya kuweka Windows.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Fundi wa Manzese