Mita Moja ya Ujazo

Ununuzi wa pupa, yaani ule ambao mkono hutangulia na akili hufuata nyuma ikiwa imeshika risiti, zamani ulikuwa na breki yake katika safari, kwani mfanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, aliyetaka bidhaa za Pazhou, kisiwa cha jiji la Guangzhou yanakofanyika Maonyesho ya Canton yaliyoanzishwa mwaka 1957, alihitaji viza, nauli na viatu vya kuzunguka kumbi zisizokwisha, na ikifika alasiri miguu ilikuwa imekwisha kuvikataa vitu ambavyo moyo ungevikubali. Breki hiyo ililegea Juni 2020, korona ilipoyahamishia maonyesho ya 127 mtandaoni, na ikabainika kwamba kumbi zote zaweza kuzungukwa kwa kidole kimoja, chini ya chandarua.

Siku hizi kisiwani humo zimo pia studio za mauzo mubashara, ambamo muuzaji huonyesha bidhaa mbele ya kamera huku watazamaji wakiagiza papo hapo. Saa mbili usiku ya Pazhou, matangazo yanapopamba moto, ni saa tisa alasiri Dar es Salaam, wakati ubwabwa umeshuka tumboni na uwezo wa kukataa umeshuka nao. Mkono hupasua yai juu ya kikaango kisichonata, yai huteleza bila tone la mafuta, na mtu mwenye vikaango vinne nyumbani, kimoja kikiwa kifuniko cha ndoo, huona kwamba miaka yote hiyo alikuwa akikaanga gizani.

Hata hivyo, kinachomponza hasa si kikaango. Wakala wa mizigo hutoza usafiri wa meli kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo, na mnunuzi, akiona ni hasara kulipia nafasi tupu, hukitafutia kikaango wenzake: miavuli, mashine ya kumenya nanasi, kola za mbwa kwa nyumba yenye paka. Sheria ya China, tangu Machi 2014, humruhusu mnunuzi wa mtandaoni kurudisha bidhaa nyingi ndani ya siku 7 bila kutoa sababu, ila siku hizo huanza kuhesabiwa mzigo unapopokelewa, na mpokeaji ni ghala la wakala hukohuko Guangzhou. Majuto hufika mtaani Sinza, Dar es Salaam, katoni ikiwa katikati ya Bahari ya Hindi.

Dawa iliyo rahisi ni chaki: kabla ya kulipa, huchorwa sakafuni mraba wa mita moja kwa mita moja, na ukutani alama ya kimo kilekile, kisha wenye nyumba huulizana nani atakula amesimama. Chaki itumike, si rangi, maana wako waliochora kwa rangi, mraba ukakataa kufutika, wakalazimika kuagiza zulia la kuufunika, na kwa kuwa zulia peke yake halijazi CBM, wakaongeza na mapazia.